Mninga na mkurungu ni kitu kimoja?

Wakuu, nina karakana ndogo Tabora. Mteja kaagiza kitanda cha mninga, muuza mbao kaniletea mkurungu, eti "ni ndugu tu". Na upi umepigwa marufuku?

— Ndugu kweli, wote wa kundi moja la miti, Pterocarpus, ila mninga ni angolensis, mkurungu ni tinctorius. Mkurungu una wekundu mkali. Mninga ni kahawia wenye mistari, na ukikauka haupindi ovyo. Mrudishie mbao zake!

— Kwa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, marufuku hakuna. Iliuweka mkurungu Kiambatisho II, orodha ya biashara inayodhibitiwa, mwaka 2019, mninga ukafuata kwenye mkutano wa Panama 2022. Ukivusha mpaka, kibali. Hapo Tabora dai karatasi za TFS, wakala wa misitu wa serikali.

— Asanteni. Karatasi hana, ndiyo maana bei ilikuwa tamu.