Gurudumu la mbele la Cessna 172 ya zamani linatetema: dampa au bushi?

Mwenye_172M
Wakuu, habari za kazi. Nina Cessna 172M ya mwaka 1975 inayolala Arusha, na mara nyingi inatua kwenye viwanja vya changarawe vyenye vumbi jingi. Kwa miezi kadhaa sasa, ikishatua na mwendo ukashuka hadi kilomita 80 kwa saa au hapo karibu, gurudumu la mbele huanza kutetema kushoto na kulia kwa nguvu, hata pedali zinapiga nyayo na dashibodi nzima inatikisika. Dampa ya gurudumu hilo, yaani kile kifaa cha kuzuia mtetemo, ilifunguliwa, ikawekwa mipira mipya ya sili na kujazwa oili ya haidroliki. Ikatulia kwa majuma machache, kisha tatizo likarudi vilevile. Sasa nashauriwa kununua dampa ya aina isiyotumia oili, na bei yake si ndogo. Je, fedha hizo zitamaliza tatizo? Na kama zilizolika ni bushi, yaani vile vibomba vya chuma vinavyokaa ndani ya matundu ya boliti, kuna ubaya gani kumpa fundi wa kukereza vyuma hapa mjini achonge nyingine kwa kipimo cha zile za zamani?

Fundi_Hanga
Ndugu, dampa isubiri. Kazi yake ni kuuzima mtetemo ukiwa bado mdogo; viungo vya mguu vikishalegea, dampa inabebeshwa mzigo usio wake na mipira yake inakatika mapema, ndiyo maana matengenezo yako hayakudumu.

Anza na vile viungo viwili vinavyokunjana kwenye shokapu ya mguu wa mbele, ambavyo mafundi wengi tunaviita mkasi. Funga uzito kwenye pete ya mkia mpaka pua inyanyuke, kisha weka stendi ili ndege isikurudie. Tafadhali mtu asikandamize ncha za bawa dogo la mkia, kwa sababu mbavu zake ni nyepesi na hupinda. Kwenye 172, shokapu ikinyooka kabisa gurudumu hujifunga katikati, kwa hiyo mchezo wowote utakaouona kushoto na kulia ni ulegevu wa viungo. Shika tairi mbele na nyuma, lizungushe kidogo kidogo huku na huku, na mwenzako aweke kidole kwenye boliti ya katikati ya mkasi, nusu juu ya kiungo cha juu na nusu juu ya kile cha chini. Bushi ikiwa imelika, kidole kitausikia mgongano kabla jicho halijaona kitu. Rudia kwenye boliti ya juu na ya chini, kisha kwenye kola ya usukani, ile pete inayogeuza mguu wa mbele, ambayo nayo hulika na huwekewa washa nyembamba za kujazia nafasi. Beringi za gurudumu na mizani ya tairi zikaguliwe pia, lakini kwa dalili ulizozieleza, mimi naanza na mkasi.

Kuhusu kukereza: ukipima bushi iliyolika, unanakili ulikaji wake. Zaidi ya hapo, hakuna anayejua chuma kile ni cha aina gani wala ugumu wake, na mhandisi mwenye leseni ya TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania) hawezi kutia saini kwenye kitabu cha ndege kwa spea isiyo na hati. Agiza bushi zenye fomu ya FAA 8130-3 (ya Marekani) au EASA Fomu 1 (ya Ulaya), ambazo ndizo hati za kuthibitisha spea ya ndege. Za 172 bado zinapatikana, na bei yake haikaribii ya dampa mpya.

Rubani_Mstaafu
Naunga mkono, na naongeza upande wa urubani. Ukitua, shusha magurudumu ya nyuma kwanza, kisha endelea kuvuta usukani ili pua ishuke yenyewe taratibu. Mtetemo ukianza, vuta usukani kabisa ili uzito uondoke mbele, na usikimbilie breki, maana breki inaukandamiza mguu uleule unaoteseka. Hakikisha pia upepo wa tairi la mbele la kawaida (5.00-5) ni psi 31 na wa shokapu ni psi 45, shokapu ikipimwa pua ikiwa juu bila uzito.

Jambo moja linanitia wasiwasi: mtetemo wa miezi kadhaa haumalizikii kwenye gurudumu. Ondoa kava la injini, umulike ule ukuta wa bati ulioshika mguu wa mbele. Tafuta mikunjo, nyufa, na ribiti zenye weusi pembeni kama moshi, kwani weusi huo ni unga wa chuma kinachosuguana. Ukiuona, ndege isiruke mpaka mhandisi aikague.

Mwenye_172M
Nawashukuru sana wazee wangu. Ukuta ni mzima. Boliti ya katikati ya mkasi ilipotolewa ina ngazi ambayo ukucha unaihisi, na bushi zake zimekuwa za duara la yai. Boliti ikisafishwa inaweza kurudi?

Fundi_Hanga
Hapana, boliti hiyo isirudi. Bushi mpya juu ya boliti yenye ngazi italika upesi, na boliti ya duka la vifaa vya ujenzi haina nafasi hapo. Badilisha vyote pamoja: bushi zishindiliwe kwa presi, tundu lipanuliwe kwa rima (kifaa cha kukwangua tundu lifikie kipimo) mpaka boliti iingie kwa kusukumwa na kidole bila kucheza, na washa za pembeni zichaguliwe ili mkasi usiende kushoto wala kulia lakini ukunjike bila kukwama. Kabla ya kufunga dampa yako ya zamani, sukuma na kuvuta fimbo yake kwa mkono. Ugumu wa kuisukuma uwe sawa mwanzo hadi mwisho, na ikiteleza bure mahali popote, ndani kuna hewa, itolewe.

Kwa vumbi la viwanja hivyo, futa mkasi na upake grisi mpya kila unapobadilisha oili ya injini. Grisi ikishachanganyika na mchanga inasaga bushi kama msasa, kwa hiyo ya zamani itoke yote kwanza.