Naomba ushauri: hadithi zetu za mashujaa ziwe na ulimwengu mmoja au kila moja na wake?

Mleta mada: Wakuu, habari zenu. Mimi na mwenzangu tunatunga hadithi za mashujaa kwa michoro, yeye na shujaa wake, nami na wangu. Tumefika njia panda: tuziunganishe katika mwendelezo mmoja, au kila moja ibaki na ulimwengu wake? Nakosa usingizi, na jibu linahitajika haraka.

Msomaji Mkongwe: Unganisheni. Filamu ya Iron Man ya mwaka 2008 ilianza na shujaa mmoja, na ilipofika The Avengers mwaka 2012 tulikuwa tunawafahamu wengi wao kabla hawajakutana, ndiyo maana ugomvi wao ulituingia. Kaka yangu hakuwa ametazama hata moja ya zile za mwanzo, nami nilikesha nikimweleza Loki ni nani na kwa nini Thor anamwita ndugu.

Binti Kalamu: Sikubaliani. Joker ya 2019 haikutegemea filamu yoyote iliyoitangulia, na The Batman ya 2022 ilisimama peke yake ingawa Ben Affleck alikuwa amekwisha kuigiza Batman katika mfululizo mwingine. Lakini mkuu, haraka hii inatoka wapi?

Mleta mada: Basi niseme. Katika sura yangu ya mwisho, ambayo imekwisha kutoka, shirika analolitumikia shujaa wa mwenzangu linasambaratika, na mkuu wake anafichuliwa kuwa msaliti. Mwenzangu hajaisoma. Sioni kosa: hadithi ilidai hivyo, na ulimwengu wa pamoja usioruhusu jambo zito kutokea ni wa jina tu.

Mpenzi wa Tamthilia: Captain America: The Winter Soldier ilitoka Marekani tarehe 4 Aprili 2014, ikalivunja shirika ambalo tamthilia nzima ya televisheni ilibeba jina lake. Siku nne baadaye, Agents of S.H.I.E.L.D. ikamfichua Grant Ward, mmoja wa majasusi wake wakuu, kuwa mtu wa Hydra, kundi la maadui lililojipenyeza ndani ya shirika hilo, na kwa maoni yangu hapo ndipo ilipopata uhai. Ila waandishi wake walijua mapema kinachokuja. Mwenzako anajua nini?

Neno la Haki: Kuvuruga kazi ya mtu bila kumshauri ni kukosa adabu, hata kama sura yenyewe ni nzuri.

Mtazamaji Makini: Samahani, nahisi hii ni chai. Shirika la siri, msaliti ndani yake, hadithi ya pili inayoyumba: ni filamu ile ile ya 2014, na huyo mwenzako simwoni.

Mleta mada: Filamu hiyo ndiyo iliyonifundisha kuandika, kwa hiyo zinafanana. Lakini mwenzangu yupo, na sura yake ijayo inaanzia ndani ya jengo nililolibomoa. Sitaiondoa yangu.

Binti Kalamu: Basi ama mtangaze kwamba sura yako ni ya ulimwengu wa pembeni, kama kampuni ya DC, yenye Batman na Superman, inavyoiweka The Batman chini ya jina la Elseworlds huku Superman ya 2025 ikibeba ulimwengu mkuu, ama mpigie simu kabla hajamaliza kuchora ngazi za jengo lisilokuwepo.

Mleta mada: Ulimwengu wa pembeni siutaki, kwani yanayotokea huko hayamfungi mtu. Nitampigia. Nianze na jengo au na msaliti?

Mpenzi wa Tamthilia: Msaliti. Jengo litajengwa upya katika sura mbili, ilhali usaliti unabadilisha maana ya kila neno ambalo mwenzako amekwisha kumwandikia mkuu huyo.