Wakuu, Demio ya dizeli ya mkono wa pili: nitajuaje injini bado iko sawa kabla nitoe pesa?

mkaaji_umoja
Habarini wakuu. Naomba ushauri na kama kuna mtu amewahi kaa na hii gari tafadhali asipite bila kusema kitu. Nimeonyeshwa Mazda Demio ya dizeli, ya mwaka 2016, 1500 cc, otomatiki, iko Kasarani kwa mwenyewe si yadi, mileji inasoma 94,000 na anaitisha milioni moja na laki moja. Kwa macho iko safi sana, bodi haijaguswa, viti safi, AC inapuliza vizuri. Kitu kinanivuta ni mafuta, kwa sababu kila tarehe 14 EPRA (mamlaka ya kawi ya Kenya) wakitangaza bei ya mafuta mimi roho hudunda. Lakini dizeli sijawahi miliki na nasikia stori mbili, mmoja ananiambia hiyo injini unaenda Kisumu na kurudi na tangi moja, mwingine anasema ikianza kusumbua utauza ng'ombe. Mwenye gari anasema kuna mtu mwingine anaitaka so niko na presha kidogo. Mtu kama mimi si fundi naangalia nini hasa ndio nijue kama hii injini iko na maisha ama imeshachoka?

Kangundo_Rd
Kwanza hiyo ya "kuna mtu mwingine anaitaka" sahau, kila muuzaji yuko na huyo mtu. Pili hujasema wewe utaitumia aje. Unaishi wapi, kazi iko wapi? Kwa dizeli ya siku hizi hilo swali linakuja mbele ya mileji.

mkaaji_umoja
Naishi Umoja, kazi Upper Hill. Asubuhi na jioni ni Jogoo Road. Wikendi soko na kanisa. Nyumbani Nyamira naenda Desemba, Pasaka, na kukiwa na matanga.

Kangundo_Rd
Basi ngoja fundi_wa_dizeli akuje, yeye hizo ndio chakula chake.

fundi_wa_dizeli
Nimeona. Ndugu yangu nitaandika mrefu, soma yote kabla upeleke pesa.

Hiyo injini chuma yake ni nzuri, nasema hivyo nikiwa nimezifungua. Inatumia taimingi cheni si mkanda. Kompresheni yake ni 14.8, ambayo kwa dizeli iko chini, ndio maana haipigi kelele kama pikapu za zamani. Kitu inaiua ni masizi, na masizi yanategemea imekua ikiendeshwa wapi.

Kwa ekzosi kuna DPF, ni chujio, linashika masizi yasitoke nje. Likikaribia kujaa kompyuta inaamua kuyachoma, na vile inachoma ni kuongeza dizeli kidogo ndani ya silinda wakati moto umeshapita ndio joto lipande kule kwa chujio. Hiyo kazi inataka gari itembee mbio kiasi, bila kusimama simama, kama dakika kumi na tano ama ishirini. Sasa wewe uko kwa jam ya Jogoo Road, imeanza kuchoma ukiwa City Stadium, umefika kazini umezima. Jioni inaanza upya, umefika Umoja umezima. Ile dizeli ya ziada haikuungua yote, inateleza na kuta za silinda mpaka kwa oili. Oili inakua nyepesi, na badala ya kupungua inaongezeka. Oili kama hiyo inakula tabo (ile inasukuma hewa kwa injini) kwanza halafu beringi zinafuata, na hapo ndio utasikia mtu anasema Mazda ni takataka.

So ukifika kwa hiyo gari toa dipstiki kabla ya kitu kingine chochote. Zile za dizeli za Mazda ziko na alama ya X juu ya F. Oili ikiwa imepita F inaelekea X, hiyo gari imekua ikikatizwa kuchoma mara nyingi. Ikiwa imefika X, hiyo oili ilifaa kumwagwa kitambo na mwenyewe hajali ama hajui. Nusa pia, ukisikia dizeli kabisa na oili ni nyepesi kama maji kwa vidole, rudi nyumbani. Watu huangalia kama oili imepungua, kwa hii angalia kama imezidi.

Injini uikute baridi. Mwambie mwenyewe mapema asiiwashe, ukifika weka mkono kwa boneti, ikiwa moto basi kuna kitu anaficha ama hakuskia, rudi siku ingine asubuhi mapema. Ikiwa baridi iwashe wewe mwenyewe. Inafaa kushika mara moja, itulie, isitetemeke, isitoe moshi mweupe unaoendelea. Sikiliza sauti ya tik tik tik inayokaa tu upande mmoja, hiyo inaweza kua injekta. Fungua kifuniko cha oili ikiwa inanguruma pole pole, hewa kidogo ni kawaida, lakini ikipuliza kwa nguvu ringi za pistoni zimechoka.

Halafu chukua tishu nyeupe upanguse ndani ya bomba la ekzosi kule mwisho. DPF ikiwa nzima tishu inatoka karibu safi hata kama gari ni ya miaka kumi. Ikitoka nyeusi tititi, DPF imepasuka ama kuna fundi aliitoboa. Hii inachukua sekunde na wanunuzi wengi hawaifanyi, inaniuma sana kuona mtu amelipa milioni na hakuinama hata nyuma ya gari.

Mwisho ni skana. Si ile ya kusoma kodi za hitilafu pekee, hizo kodi zinafutwa dakika moja kabla ufike. Unataka fundi mwenye skana inayosoma data ya DPF: imebeba masizi kiasi gani, na umbali kati ya kuchoma moja na ingine. Kwa zile nimeshika zikiwa sawa naona kilomita 150 na kuendelea. Ikiwa inachoma kila 50 ama 60, chujio limejaa majivu, ama tabo inavujisha oili, ama inteki manifoldi (njia ya hewa kuingia injini) imezibwa na masizi yanayorudishwa na EGR, ile vali inarudisha moshi wa ekzosi kwa injini. Majivu si masizi, majivu hayaungui, yanatoka kwa oili yenyewe, ndio maana hii injini inataka oili ya majivu kidogo, kwa kopo utaona DL-1 ama C3. Ukimuuliza mwenyewe anaweka oili gani akwambie "ile ya dizeli tu", ile ya malori, ushajua.

Nyaboke_Mlolongo
Fundi amesema ukweli na mimi nataka niongeze upande wa mtu anaitumia. Yangu ni ya 2015, niko Mlolongo, kazi Westlands, napanda Expressway asubuhi na kurudi nayo. Pale unashika 80 unaiacha hapo mpaka ushuke, na DPF haijawahi nisumbua hata siku moja. Oili nabadilisha kila kilomita 5,000 hata kama gari inaniambia bado. Kuna vile utajua iko kwa kuchoma: i-stop (ile inazima injini yenyewe ukisimama) inakataa kuzima injini kwa taa za barabarani, feni inapiga kelele, na sailensa, yaani mzunguko wa injini gari ikiwa imesimama, inapanda kidogo. Nikiona hivyo karibu na nyumbani sizimi, napitiliza Mombasa Road mpaka itulie. Mume wangu alidhani napoteza mafuta. Lakini dada yangu alinunua kama yangu, ako Kilimani kazi Kilimani, shule ya watoto Kilimani, na yake imeshafunguliwa inteki. Gari ni moja, maisha ni tofauti.

mkaaji_umoja
Duh. Asanteni sana. Kwa hivyo mileji ya 94,000 haimaanishi kitu?

Kangundo_Rd
Inamaanisha, lakini kwanza ujue ni ya kweli. Mwambie akuonyeshe makaratasi iliyokuja nayo. Cheti cha Japani cha kusafirisha gari nje kinaandikwa mileji, na ule ukaguzi wa kabla ya kupakiwa meli pia. Ikiwa ilitoka Japani na 80,000 na imekua hapa miaka mitatu na sasa ati ni 94,000, basi ama imerudishwa ama imekua ikitembea kidogo kidogo mjini, na kwa dizeli hiyo ya pili si habari njema vile watu hudhani. Mimi ningechukua ya 150,000 iliyokua ikienda Nakuru na kurudi kuliko ya 90,000 ya kupeleka watoto shule.

Na usisahau logbuku, hati ya umiliki. Fanya utafutaji NTSA (mamlaka ya usajili wa magari) kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ukiona jina la benki ama kampuni ya mkopo liko pamoja na la mwenyewe, hiyo gari bado iko na deni, hakuna kulipa mpaka hilo jina litoke.

kijana_wa_Githurai
Mbona mnamtisha hivo? Si unatoa tu DPF unaziba EGR unaandikiwa upya kompyuta, shida imeisha. Mafundi wako wengi mtaani.

fundi_wa_dizeli
Kijana hiyo kazi mimi sifanyi na nitakwambia kwa nini. Ile iliyotobolewa naijua hata nikiwa nyuma yake Outering, inatoa moshi mweusi kwa uso wa mama anauza mboga kando ya barabara. Na masizi yaliyokua yameshajaa kwa inteki hayatoki ati kwa sababu umetoboa ekzosi, yako palepale yamebana hewa. Halafu siku ya kuuza anakuja mnunuzi na tishu yake. Dizeli yetu ilishushwa salfa mpaka 50 ppm mwaka 2015, DPF inavumilia, kitu haivumilii ni kukatizwa.

@mkaaji kitu ingine nimekumbuka. Mwaka 2018 Mazda waliita magari ya dizeli zaidi ya laki sita dunia nzima juu ya springi za vali. Chukua namba ya chesisi, hiyo ya dizeli itaanza na DJ5FS kama si ya magurudumu manne kuvuta, uiweke kwa tovuti ya Mazda ya Japani, itakuonyesha kama iko kwa orodha na kama ilirekebishwa. Tovuti ni ya Kijapani lakini simu inatafsiri.

Ukienda kuijaribu usizunguke tu mtaa. Ipeleke Waiyaki Way, kutoka Westlands panda Kangemi mpaka Kikuyu. Pale barabara inapanda muda mrefu. Kanyaga mafuta nusu, inafaa kuvuta kwa nguvu kutoka chini, dizeli sifa yake ni hiyo. Ikichelewa halafu ishtuke, ama ikose nguvu kabisa, ni hewa haifiki: tabo, mpira umepasuka, ama inteki imeziba.

mkaaji_umoja
Wakuu nimerudi na majibu. Nilienda jioni, boneti moto, akasema alikua ametoka dukani. Sikubishana, nikamwambia nitarudi asubuhi na fundi, akakubali ingawa hakufurahi. Asubuhi tukaikuta baridi. Imewaka vizuri, haina moshi, kifuniko cha oili hakipulizi. Tishu imetoka safi. Lakini dipstiki imepita F, haijafika X lakini iko katikati. Na skana inasema inachoma kila kilomita 60 hivi. Nikamuuliza matumizi, akasema yeye ni wa Kasarani mpaka Roysambu tu, kwa duka lake. Oili anaweka ya gereji jirani, hajui jina. Chesisi nimeangalia, iko sawa. Kupanda Kangemi ilivuta lakini mimi nilihisi nzito, fundi akasema inteki. Amekubali kushuka mpaka milioni moja kamili. Nifanye?

fundi_wa_dizeli
Asante kwa kurudi na majibu, wengi huuliza wakapotea.

Hiyo gari haijakufa. Tishu safi na injini haipulizi, hiyo ni dalili nzuri, chuma iko. Inataka oili mpya ya DL-1 na filta, ikimbizwe barabara ndefu ikiwa imeunganishwa skana, inteki na EGR zitolewe zisafishwe vizuri kwa mkono si zile dawa za kunyunyiza, halafu uangalie kama umbali wa kuchoma umepanda. Ukipanda umeokoka. Usipopanda ni DPF imejaa majivu na hiyo ni pesa ingine kubwa. Kwa hivyo laki moja aliyokupunguzia hailingani na kile hujui bado. Kama ingekua ya Nyaboke wa Mlolongo ningemwambia achukue, airekebishe, atakaa nayo. Wewe utaitoa Roysambu uipeleke Jogoo Road. Utalipa kusafisha, na kabla ya mwaka kuisha masizi yamerudi palepale. Mimi nakuambia kama ndugu, usichukue.

Nyaboke_Mlolongo
Na mimi nasema hivyo hivyo na naipenda yangu sana. Safari za Nyamira za Desemba haziwezi safisha mwaka mzima wa jam.

mkaaji_umoja
Imeniuma lakini nimeelewa. Nimempigia nimemwambia hapana, na nimemweleza mambo ya oili ili angalau aibadilishe. Sasa kuna Demio ya petroli ya 1300 nimeona kwa yadi Kiambu Road, ya 2017. Hiyo nayo naangalia nini?

fundi_wa_dizeli
Hiyo chesisi ni DJ3FS, haina tabo, haina DPF, kwa jam yako ni sawa kabisa hata kama itakunywa kidogo zaidi. Angalia giaboksi kwanza, ikiwa baridi weka D ukiwa umekanyaga breki, isipige teke. Halafu koolanti, mauntini za injini, na shokamzobo za mbele, barabara zetu hazihurumii. Kwa vile ni yadi usilipe hata shilingi ya kushika gari mpaka fundi aiskani. Utaenda siku gani?

mkaaji_umoja
Alhamisi asubuhi. Nimeshawaambia wasiiwashe.