Printa ya ofisi inashika kompyuta moja tu, naombeni ushauri

KaraniWaLolwe: Wakuu, hamjambo. Niko Kisumu, ofisi ndogo ya chama cha akiba na mikopo. Tumeletewa printa ya leza, imechomekwa kwa waya kwenye ruta. Kompyuta ya mhasibu inachapisha vizuri. Zile tatu nyingine zinasema printa haipo mtandaoni, na draiva, ile programu ya kuendesha printa, nimeweka, nikatoa, nikaweka tena. Mkutano mkuu ni Ijumaa na taarifa za wanachama hazijachapishwa. Hata chakula hakipiti. Nifanyeje?

MzeeWaNjoro: Uzeni hiyo leza mnunue ya wino wa chupa. Nilikuwa na saiba Nakuru mjini. Msimu wa ritani za kodi za KRA watu walipanga foleni mpaka nje, lakini faida yote iliishia kwenye tona. Nilipohamia wino ndipo nikaweza kumlipia kifungua mimba wangu karo. Sasa anasomea uuguzi, namshukuru Mungu.

MlimaElgon: Windows gani? Kama ni 10, Microsoft ilikomesha msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Anzeni hapo.

FundiKondele: Dada, tusiuze kitu bado. Toa karatasi ya mipangilio kwenye printa yenyewe, usome anwani yake ya IP, yaani namba inayoitambulisha kwenye mtandao. Ikianza na 169.254, haijapewa anwani na ruta. Ikiwa ya kawaida, iandike kwenye kivinjari cha kompyuta iliyogoma. Ukurasa wa printa ukifunguka, mtandao uko sawa. Kasoro iko kwenye njia ambayo Windows imejichagulia, mara nyingi huwa WSD, ile ya kujitafutia printa yenyewe. Ongeza printa kwa mkono, chagua TCP/IP, andika anwani hiyo. Halafu ingia kwenye ruta uihifadhie printa anwani yake, la sivyo stima ikipotea na kurudi inaweza kupewa nyingine. Na draiva ulizitoa wapi?

KaraniWaLolwe: Asante fundi. Anwani ni 192.168.1.47 na ukurasa unafunguka. Draiva nilizipata mtandaoni.

FundiKondele: Mtandaoni wapi? Kwa mtengenezaji au kwingine?

MamaPendo: Mimi nauliza meneja yuko wapi. Karani ameajiriwa kuandika barua, leo anafanywa fundi, kesho atafanywa mlinzi. Dada, aongeze mshahara kwanza ndipo uguse waya mwingine.

FundiKondele: Dada, hujanijibu.

KaraniWaLolwe: Sawa. Nilitafuta jina la printa, ukurasa wa kwanza kutokea ulikuwa na nembo yake na namba ya huduma. Nikapiga. Kijana mstaarabu sana akaniambia niweke programu ili aione kompyuta ya mhasibu. Ndiye aliyeifanya ichapishe. Anasema kompyuta zote zina virusi vya printa, na leseni ya mwaka ni shilingi 9,500. Nusu nimeshalipa kwa kadi ya chama, nyingine namalizia kesho. Usiku huu anaendelea na kazi, ameomba kompyuta isizimwe. Msinikaripie. Yeye alipokea simu nilipokuwa sina pa kushika. Na ile printa inachapisha, hilo hamwezi kulikana.

MzeeWaNjoro: Virusi vya printa! Ipelekeni hospitali ya Russia hapo Kisumu ikalazwe.

MsomajiMkali: Huu uzi umetungwa. Karani gani anatembea na kadi ya chama? Na kompyuta yenye daftari la wanachama inaachwa wazi usiku kucha? Ngojeni, kesho atatokea fundi na namba yake ya simu. FundiKondele, ama ni wewe?

FundiKondele: Namba sijatoa na sitatoa. Ikiwa ni hadithi, nimepoteza dakika chache. Ikiwa ni kweli, kuna mtu ndani ya daftari la wanachama wakati huu tunaobishana. Dada, chomoa waya wa mtandao kwenye kompyuta ya mhasibu. Sasa hivi.

MlimaElgon: Mambo haya yapo. Shule moja huku Bungoma mhasibu alipiga namba ya aina hiyo hiyo, ikawa wiki nzima ya kukimbizana na benki.

MsomajiMkali: Basi atuambie kadi aliipata wapi.

KaraniWaLolwe: Mweka hazina yuko matangani Siaya, aliniachia ninunue tona. Wewe unayesema natunga, hii ni akiba ya akina mama wa sokoni Kibuye, siwezi kuichezea. Nimerudi ofisini na mlinzi, waya nimechomoa. Lakini kama ni mwizi, mbona printa ilichapisha?

FundiKondele: Kwa sababu aliiongeza kwa IP, kama nilivyokueleza hapo juu. Draiva za printa mtengenezaji huzitoa bure kwenye tovuti yake, haziuzwi leseni. Usimalizie malipo. Pigia benki wafunge kadi. Maneno ya siri yote yaliyotumika kwenye kompyuta hiyo yabadilishwe kutoka kompyuta nyingine. Hiyo ya mhasibu isirudi mtandaoni mpaka kazi zake zinakiliwe na Windows iwekwe upya.

KaraniWaLolwe: Benki wameifunga. Kompyuta ya mapokezi nimeiongeza kwa TCP/IP na karatasi ya majaribio imetoka! Zimebaki mbili. Ila mwenyekiti nimeamua kumwambia Jumamosi. Wanachama wakisikia Ijumaa watadai akiba zao palepale mkutanoni.

MamaPendo: Linda kazi yako, dada. Jumamosi si mbali.

FundiKondele: Ni mbali. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakipa chama saa 72 tangu kijue, kimwarifu Kamishna wa Data, ikiwa taarifa za watu zimefikiwa na asiyeruhusiwa na wanaweza kudhurika. Leo ni Jumanne. Mpigie mwenyekiti usiku huu, na kabla kompyuta haijasafishwa andika jina la programu uliyowekewa, namba uliyopiga na saa mliyozungumza. Atavihitaji.

KaraniWaLolwe: Simu yake inaita.