Mnatuuzia waini iliyoiva kwa jua, halafu mnaita "shamba la familia Ufaransa"

Wakuu, leo natoa povu, mtanivumilia.

Kuna duka moja la vinywaji huku Masaki linajitangaza mtandaoni kwamba limeshusha Muscadet Sèvre et Maine "sur lie" (yaani iliyolazwa juu ya mashapo ya hamira), waini nyeupe kavu kutoka shamba dogo la familia karibu na Nantes, Ufaransa. Bei 95,000 kwa chupa. Mimi nimesoma Nantes, na kule waini hii ndiyo ya kushushia chaza, supamaketi unaipata chini ya Euro 10. Nikajisemea sawa, kuna meli, kuna ushuru, na mwenye duka naye ale. Bei sikuinung'unikia. Nikabeba mbili, nina wageni na pweza yuko jikoni.

Kufungua sasa. Kizibo kimesukumwa hadi kimepita mdomo wa chupa, na chini ya ile karatasi ya kufunikia pananata. Namimina kwenye glasi, rangi ya chai ya mkandaa! Muscadet changa ni hafifu mno, ina ukijani kwa mbali tu. Harufu ni ya tofaa lililooza. Ya pili, vilevile.

Kwa wasioijua hiyo "sur lie": waini ikishachachuka, hawaitoi kwenye mashapo ya hamira. Inalala nayo majira yote ya baridi, kisha inatiwa kwenye chupa moja kwa moja kutoka hapo. Ndiyo maana inabaki na kagesi kidogo kanakochoma ulimi na ule uchachu safi unaofaa na vitu vya baharini. Joto likiipata, vyote hivyo kwisha. Na hawa chupa wamezisimamisha dirishani, jua la mchana linazipiga, na wakifunga duka jioni AC wanazima. Nimeona mwenyewe.

Nimerudisha, muuzaji ananijibu: "Kaka, waini ya Kifaransa ndivyo ilivyo, ikikaa inazidi kuwa nzuri." Hapo ndipo niliposhindwa kuvumilia. Zipo Muscadet za kuzeeka, za Clisson, Gorges na Le Pallet, ambazo zilitambuliwa rasmi 2011, na jina la eneo huandikwa kwenye lebo. Hii haina. Hii ni ya kunywewa ikiwa changa!

Nikaanza kusoma lebo vizuri sasa, maana nilishapandwa. Maneno "sur lie" yaliyopo kwenye tangazo, kwenye chupa hayapo kabisa. Tangazo linasema "zabibu bora za Chardonnay", wakati Muscadet Sèvre et Maine inatengenezwa kwa zabibu aina ya Melon de Bourgogne peke yake. Na ile familia? Mbele kuna mchoro wa jumba la kifahari. Nyuma, kwa herufi za kutafuta na tochi, "mis en bouteille par" (imetiwa kwenye chupa na), halafu jina la kampuni. Mkulima aliyejaza kwake kwa kawaida huandika "au domaine", "au château" au "à la propriété", yaani shambani kwake, tena kwa kujidai. Wengi wanaweka na ile nembo ya mtu aliyebeba pipa begani, ya wakulima wa kujitegemea.

Sisemi waini ya kampuni ni mbaya, zipo nzuri tu. Ila usinitoze pesa ya babu na wajukuu zake wakati hakuna babu.

Pesa wamegoma kurudisha, eti chupa imefunguliwa. Sasa ningejuaje imeharibika bila kuifungua, kwa ramli?

Mwenye duka najua upo humu. Nataka 190,000 yangu, au chupa mbili zilizohifadhiwa kwenye baridi, na lile tangazo ulitoe. Chupa zote, vizibo na risiti ninavyo. Na mwingine aliyenunua shehena hiyo aweke picha ya lebo ya nyuma hapa, tuone tuko wangapi.