MREJESHO: Programu ya duka haigandi tena

Habari zenu ndugu zangu. Mwezi uliopita niliwauliza kwa nini programu ya stoo niliyomwandikia shangazi, muuza vipuri vya bodaboda hapa Jinja, inaganda kila akibonyeza "Ripoti". Natumia lugha ya Python na PySide6, yaani zana za Qt za kutengenezea madirisha ya programu. Mliniambia kazi nzito inafanyika kwenye uzi (thread, yaani mfululizo wa kazi ndani ya programu) uleule unaochora dirisha. Mlisema kweli.

Hesabu za mauzo nimezihamishia kwenye QThread, yaani uzi wa pembeni wa Qt. Hapo nikakwama siku mbili nzima: uzi wa pembeni ulikuwa unajaza jedwali moja kwa moja, na programu inajifunga bila hata ujumbe. Kwenye Qt, vitu vya dirisha vinaguswa na uzi mkuu tu. Sasa uzi wa pembeni unatuma signali (taarifa ya ndani ya programu), dirisha linapokea na kujaza safu lenyewe. Jana shangazi alibonyeza, mstari wa kijani ukaanza kutembea, naye akaendelea kumtafutia kijana mmoja bei ya breki pedi huku ripoti ikijiandaa. Nilifurahi mno!

Aliyenishauri nianze na miradi ya mfano ya Qt, asante sana. Nilichukua ule wa kitabu cha anwani, nikageuza majina ya watu yakawa vipuri. Unafundisha kutenganisha data na mwonekano kuliko video zote nilizotazama.

Halafu toleo la Qt 6.5 la 2023 linatambua kompyuta ikiwa kwenye rangi za giza, na toleo la 6.8 linakuruhusu uchague rangi mwenyewe ndani ya programu. Shangazi kachagua giza.

Imebaki kuprinti risiti.