Kupimwa usonji ukubwani, hapa Bukavu
Swali: Ndugu zangu, nina miaka 34, naishi Kadutu. Tangu utotoni kelele za soko hunilemea hadi nikajifungia chumbani, na kikombe kikihamishwa mahali pake asubuhi yangu yote huharibika. Je, daktari wa familia anaweza kunielekeza nikapimwe usonji (autisme), yaani ile tofauti ya ukuaji wa ubongo inayoanza utotoni?

Jibu: Ndiyo, dada. Mwombe barua ya rufaa kwenda kituo cha afya ya akili cha SOSAME. Usonji hauonekani katika damu. Mtaalamu huuliza hasa habari za utoto, kwa hiyo fuatana na mama au shangazi aliyekulea.

Jibu: Mimi daktari aliniambia usonji ni wa watoto tu, nikaumia sana. Si kweli. Andika mifano yako kwenye daftari, umsomee daktari wako.